Mama Kataa na Vichupa Kumi na Moja

Jina lake la ubatizo ni Yusta, na kanisani Kihesa padri humwita hivyo. Lakini ukienda Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, ukimuulizia Yusta watu watakukodolea macho tu. Uliza Mama Kataa, utaonyeshwa hata kiti alichokuwa akikalia. Kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa moja: kukata kipande cha karatasi kutoka kwenye kila rola lililoshuka mashineni, kukipima uzito, kukivuta mpaka kichanike, kukiinua dirishani ili mwanga ukipenye, halafu kuandika neno moja kwa makapeni nyekundu. IMEPITA, au KATAA. Neno la tatu hakulijua.

Mafundi wa zamu walimtania mpaka basi. Walisema makapeni yake ina wino wa neno moja. Walisema, mbele yake, kwamba mama huyu hajatengeneza hata karatasi ya kufungia maandazi tangu azaliwe, na bado ndiye anayewapangia wanaume wenye misuli kitu cha kufanya. Yusta aliwasikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani yake, akawajibu kwamba wangekuwa wanajua kutengeneza, yeye angekuwa nyumbani analima viazi. Kisha akaendelea kuchana.

Huyo ndiye mtu ambaye saratani ilimchagua. Ilikosea nyumba, lakini ilikuwa imeshaingia.

Alistaafu akiwa na miaka sitini, akahamia Kihesa, Iringa mjini, kwa binti yake Devota, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa pili shingoni yalimwota matezi matatu upande wa kushoto. Hayakuuma, na hayakuondoka. Akaanza kuchoka kwa kupanda ngazi nne za kibarazani. Alipimwa hapa, akapimwa pale, mwisho akapelekwa Mbeya, ambako alimkuta Daktari Lusekelo, Mnyakyusa mrefu, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini utadhani kuna mtoto amelala chumba cha pili.

"Mama, ni saratani ya damu," alimwambia. "Ila ni aina inayokwenda polepole. Seli zako nyeupe zilizozeeka zinatakiwa zife zipishe nyingine. Hizi zako hazitaki kufa. Zinarundikana."

"Dawa yake?"

"Kwa sasa hatukupi dawa. Tunaangalia."

"Mnaangalia nini, Daktari? Sinema?"

Lusekelo alicheka, maskini, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Ilibidi amweleze mara mbili kwamba kwa ugonjwa huu watu wengine huishi miaka mingi bila kuhitaji dawa, na wengine hubadilika ghafla, na kwamba kumpa mtu dawa kali kabla ya wakati ni kumuumiza bure. Kazi ni kupima damu kila baada ya miezi mitatu na kuhesabu seli. Shida, alisema, ni kwamba hesabu hiyo inakuambia moto umeshawaka. Yeye alitaka kitu cha kumwambia mapema nani atawaka.

Hapo ndipo alipomtajia vitu fulani vidogo.

"Ndani ya kila seli kuna maagizo, Mama. Maagizo mengi mwisho wake ni kutengeneza kitu, protini. Lakini kuna vipande vifupi sana vya RNA ambavyo havitengenezi chochote. Miaka mingi sisi wasomi tuliviona kama takataka."

"Sasa vinafanya nini humo?"

"Vinazuia. Agizo lisilofaa likipita, vinalikamata, vinalichana kabla halijatengeneza kitu. Kwenye saratani kama yako, mara nyingi baadhi ya vipande hivyo vinapotea. Vikipotea, lile agizo linaloiambia seli 'usife' linapita tu. Hakuna wa kulishika."

Yusta alijipiga paja, kofi likasikika mpaka kwenye foleni nje.

"Daktari, hao ni sisi, watu wa maabara ya kiwandani! Hawatengenezi karatasi, wanachana! Na watu wanasema wanakula mshahara wa bure!" Alisimama, akakaa tena. "Miaka ishirini na saba nimeitwa takataka na mafundi wa zamu. Kumbe hata kwenye damu tupo."

Tangu siku hiyo ugonjwa ukawa na sura aliyoijua. Hakulala akiwaza mauti. Alilala akiwaza kiwanda ambacho mkaguzi hakuja kazini. Na alikasirika, hasira safi ya mtu wa kazi, ile inayomtoa mtu kitandani asubuhi.

Lusekelo alikuwa anafanya utafiti. Alitaka damu ya wagonjwa wa aina hiyo kutoka Iringa na Mbeya, mara tatu kwa mwaka, ahesabu wale wachanaji wadogo wanaoelea kwenye maji ya damu, aone kama uchache wao unaweza kutabiri nani ugonjwa utamgeukia. Wagonjwa wengi walisita. Mikoa yetu hii ina kumbukumbu na habari za watu wanaopita kuchukua damu, acha kabisa. Yusta hakusita kwa hofu. Alisita kwa kanuni.

"Nitatoa," alisema, "na nitakuletea wenzangu. Ila majibu yarudi. Yarudi kwetu, kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kila mtu na yake. Sitoi sampuli inayokwenda isirudi. Huko nilikotoka hakuna sampuli ya hivyo."

"Mama, ni utafiti. Majibu yenyewe bado hatujui kama yana maana."

"Basi andika hapo chini, 'bado hatujui.' Mimi kusoma najua."

Alikubali, daktari wa watu. Yusta akapata watu kumi, sita wa Iringa na wanne wa Chimala, mji ulio njiani kwenda Mbeya, wakamfanya mwenyekiti bila kura. Kati ya wale wa Chimala alikuwepo Masumbuko, mfanyabiashara wa mchele, miaka arobaini na minane, sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara kuu. Huyo alikuwa na imani kubwa na Mama Mwenyekiti wake. Kila alichosema Yusta, yeye aliitikia kwa kichwa.

Sasa tufike kwenye kosa. Wengine wangelificha, lakini mwenyewe hakulificha, kwa hiyo mimi ni nani nilifiche?

Ilikuwa mwezi wa sita, Iringa ikiwa ya upepo ule unaopita koti na sweta na kwenda moja kwa moja kwenye mifupa. Kijana wa maabara aitwaye Mika alitoka Mbeya alfajiri na gari la mradi, akatoa damu za Chimala njiani, akafika Kihesa saa saba akatoa damu za Iringa, zote nyumbani kwa Yusta. Vichupa kumi na moja, vyote ndani ya deli lenye barafu. Alipotaka kuondoka, rejeta ya gari ikavuja. Akalisukuma mpaka gereji.

"Mama, deli nakuachia hapa. Naomba usilifungue."

"Nenda, baba. Kazi ya sampuli nimeifanya kabla wewe hujazaliwa."

Na hapo ndipo palipoharibika: kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Karatasi, ili upate kulielewa alilolifanya, haipimwi ikiwa ya baridi. Karatasi ikitoka nje na unyevu wa Mgololo, ukiivuta itakudanganya. Kiwandani kulikuwa na chumba cha joto moja na ukavu uleule mwaka mzima, na kila sampuli ililazwa humo ipumzike kabla ya kuguswa. Yusta alimfukuza kazini kibarua mmoja kwa kupima karatasi ya baridi. Kwake sampuli ya baridi ni uongo. Juu ya hapo, alikuwa mtoto wa mkunga; mama yake, Mhehe wa zamani, aliwakalisha wanawake waliojifungua pembeni ya moto mwezi mzima, akisema damu ikipata baridi inalala. Kiwanda na mama, wote wawili walisema kitu kimoja.

Saa moja ilipita, Mika hajarudi. Yusta akafungua deli, achungulie tu. Akaona kichupa chenye jina lake kimelala kwenye barafu, kimeingia ukungu. Akakigusa. Kilikuwa cha baridi kabisa.

Akavitoa vyote kumi na moja. Akavifunga kwenye kitenge kikavu, akaviweka kwenye kikapu, kikapu akakisogeza karibu na jiko la mkaa, si karibu sana, kwa kipimo cha kiganja kama alivyozoea. Vilikaa hapo kwa saa tatu. Alipoona gari linaingia uani alivirudisha kwenye barafu kwa mpangilio uleule, majina juu, nadhifu. Hakumwambia Mika, kwa sababu aliona hakuna cha kumwambia. Alikuwa amewasaidia vijana.

Miezi miwili baadaye Lusekelo aliwaita Chimala, katikati ya njia, kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mtu akapewa karatasi yake. Kwa Kiswahili, kama ilivyoahidiwa, na chini imeandikwa: bado hatujui.

"Nitawaambia nilichokiona," alisema daktari, na hata yeye alionekana kushangaa. "Wale wachanaji wetu wamo wengi kuliko nilivyotegemea. Karibu kwa kila mmoja wenu. Lakini ni utafiti, jamani. Kliniki zenu za kawaida ziendelee vilevile."

Nani alisikia sentensi ya mwisho? Masumbuko alishasimama, anapunga karatasi. Mama mmoja alianza pambio. Yusta alishika yake kwa mikono miwili, na sitakuficha: machozi yalimtoka. Mwaka mzima alikuwa amejikaza kisabuni. Aliruhusu sasa raha imwingie.

Ndipo mtu wa nyuma akauliza, hivi hivi tu, kwa nini damu inasafirishwa kwenye deli la barafu kama samaki.

"Swali zuri," alisema Lusekelo. "Damu ikikaa kwenye joto, seli nyekundu zinaanza kupasuka. Na seli nyekundu nazo zimejaa hawa wadogo, baadhi wale wale tunaowatafuta. Zikipasuka zinawamwaga. Mashine haijui nani ametoka wapi, inahesabu tu. Utaona wachanaji ni wengi, kumbe ni wa seli zilizopasuka. Na kupasuka kidogo huwezi kukuona kwa macho."

Yusta aliikunja karatasi yake mara mbili, akaiweka kwenye pochi.

Alitakiwa aseme palepale. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe husema hivyo, na kwa maneno makali kuliko yangu. Lakini Masumbuko alikuwa anawanunulia watu wote soda, na aliponyanyua chupa yake alisema, "Mama Mwenyekiti, mimi Mbeya kliniki siendi tena. Huu mwezi wa kuvuna pesa. Nimepona, karatasi inasema." Yusta akafungua mdomo. Karatasi nzuri ilikuwa kwenye pochi yake, na aliipenda. Akafunga mdomo.

Siku nne aliishi na jambo hilo pale Kihesa. Alipika, chumvi ikazidi. Devota akamuuliza kama anaumwa, akajibu hapana, kwa kuwa karatasi ilisema haumwi. Usingizi ukamkimbia. Mara kwa mara aliitoa ile karatasi, akaiinua dirishani, mwanga ukaipenya, na kila mara mkono wake wa kulia ulitafuta makapeni.

Jumamosi jumuiya ilikuja kusali kwa shukrani nyumbani kwao. Kaka yake mkubwa, Liberatus, alitoka kijijini na jogoo. Watu ishirini na zaidi walijaa sebuleni, wakaimba, wakasoma somo. Liberatus akasimama kutoa neno. Alisema dada yao alihukumiwa kifo na Mungu amemfutia. Alisema wanaotaka kuona muujiza wasiende mbali, wamtazame Yusta pale kwenye kochi.

Yusta akasimama.

"Kaka, kaa kwanza."

"Sijamaliza."

"Mimi ndiyo nimemaliza." Akaitoa karatasi, akaifungua ili wote waione. "Hii karatasi ni mbovu. Niliiharibu mwenyewe. Ile siku ya upepo nilitoa damu za watu kwenye barafu nikaziweka jikoni zipate joto. Nilijifanya najua. Hiki kilichoandikwa hapa si changu, ni uchafu wa damu iliyopasuka. Nimekaa nayo siku nne kwa sababu ni tamu."

Jogoo peke yake alikuwa na la kusema, nje, hajui bahati yake.

"Yusta," Liberatus alisema polepole, "Mungu amekujibu, wewe unakataa?"

"Mungu hana haja ya sampuli mbovu, kaka. Akitaka kuniponya ataniponya kwenye sampuli nzuri, nipime, nione. Sitasimama mbele yake nimeshika uongo nimwambie asante."

"Na kama nzuri ikisema vibaya?"

"Itakuwa imesema."

Devota alianza kulia. Yusta alitaka kwenda kwake, lakini alijua akienda atakaa, na akikaa atanyamaza. Akachukua makapeni kwenye droo, ile ile nyekundu aliyoondoka nayo Mgololo siku ya kustaafu, akailaza karatasi juu ya Biblia kubwa ya Liberatus kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, akaandika kwa herufi za rola: KATAA. Kisha akampigia Lusekelo mbele ya jumuiya nzima.

Alimweleza bila kumung'unya maneno. Daktari akauliza moja tu.

"Vilikaa nje ya barafu kwa muda gani, Mama?"

"Saa tatu nzima. Karibu na mkaa."

"Ndaga, Mama." Ndilo neno la kwao la shukrani, na la pole pia, na siku hiyo lilikuwa yote mawili. "Hapa tuliangalia kwa macho tu tukaona safi. Maji ya damu yaliyobaki yamo kwenye friza, nitayapima kwa mashine leo. Tukikuta seli zimepasuka, tunaanza upya wote. Lakini kuna mtu ananitia wasiwasi kuliko wewe. Kliniki yake ilikuwa juzi, hakuja, na simu yangu hapokei."

Yusta hakuuliza jina.

Jumatatu alfajiri alipanda basi la Mbeya akashuka Chimala. Masumbuko alikuwa kwenye mashine ya kukoboa, vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi. Alipomwona akafurahi, akamletea kiti, akaagiza chai. Yusta hakukaa.

"Karatasi yako ni mbovu, Masumbuko. Na yangu. Zote kumi na moja. Nimeziharibu mimi."

Alimsimulia yote. Uso wa Masumbuko ulibadilika taratibu, na ulipofika mwisho haukuwa uso wa rafiki.

"Kwa hiyo ulinipa uzima, sasa unakuja kuninyang'anya."

"Sikukupa. Nilikudanganya."

"Basi niache na uongo wangu! Mimi naona niko vizuri. Nabeba gunia. Nenda, Mama, nisije nikakukosea heshima mbele ya watu."

Vijana wa mashine walikuwa wameacha kazi, wanatazama. Mtu mwingine angeondoka. Yusta alivuta kiti alichokikataa, akakiweka katikati ya njia ya kupitishia magunia, akakaa.

"Mtu akikuletea mpunga," alisema, "akakuambia umekauka vizuri, mkono unauingiza wapi?"

"Mama, nina kazi."

"Nakuuliza kazi yako. Wapi?"

"Chini. Katikati ya gunia."

"Kwa nini si juu?"

Masumbuko alijifuta pumba kwenye nyusi.

"Kwa nini si juu, Masumbuko?"

"Juu ndiko anakoweka mzuri," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

"Basi ile karatasi ni ya juu. Wewe hukubali ya juu kwa gunia la mpunga, unaikubali kwa damu yako?" Akakunja mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko. "Daktari ameshamtuma Mika, yuko njiani na deli. Tutatoa hapa hapa, mimi wa kwanza, wewe wa pili. Ukikataa nitakaa kwenye hiki kiti mpaka msimu uishe, na wanaokuja kukoboa watanikuta. Unanijua."

Alimjua. Mika alipofika aliwakuta wamekaa bega kwa bega, wote wawili wamekunja mikono ya nguo. Yusta aliomba jambo moja tu: deli lifungwe kwa kufuli, na ufunguo abaki nao Mika.

"Hunitanii, Mama?"

"Sikutanii, mwanangu. Mimi ni hatari kwa barafu."

Mashine ya Mbeya ilikuwa imeshasema: seli nyekundu zilipasuka kwenye vichupa vyote kumi na moja. Safari hii Lusekelo hakusubiri miezi miwili, kwa sababu hesabu ya kawaida ya seli hutoka siku hiyo hiyo. Seli nyeupe za Masumbuko zilikuwa zimezidi maradufu ya zile za kliniki iliyopita. Huku anabeba magunia. Aliitwa Mbeya kabla wiki haijaisha, akaanzishiwa dawa. Kwa wiki sita hakumtumia Yusta hata salamu. Kisha siku moja likaja basi, na ndani yake furushi la mchele kilo ishirini, limefungwa kwa kamba, na kijikaratasi: *Mama Mwenyekiti, huu umetoka chini ya gunia.*

Majibu ya wale wachanaji yalikuja baadaye, na Lusekelo aliyaleta mwenyewe mpaka Kihesa. Hakutaka kuyatuma. Alikaa sebuleni, akakataa chai, na hapo Yusta akajua. Devota alisimama mlangoni, Liberatus alikuwa kwenye kochi, Biblia magotini, na kwenye jalada lake bado lilionekana doa jekundu pale wino ulipopenya ile siku.

"Sampuli ni nzuri," alisema daktari. "Nimeipima mara tatu."

"Lete."

Aliisoma yote, polepole, mpaka ile mistari ya chini iliyosema bado hatujui. Katika watu kumi na mmoja, wachanaji wake ndio waliokuwa wachache kuliko wote. Na pembeni, kwenye hesabu ya kawaida ya kliniki yake ya mwisho, ambayo haina mjadala, seli zake nyeupe zilikuwa zimeanza kupanda. Dawa zingeanza mwezi ujao.

"Mama," Devota alisema, "ile ya kwanza... si ungeiacha tu."

Moyo ulimuuma Yusta, ulimuuma sana, wala hakujifanya haumuumi. Alitaka miaka. Alitaka kuzeeka pale Kihesa, akiwagombeza watu. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya kitenge, akasimama.

Alikwenda dirishani. Akaiinua karatasi, mwanga wa asubuhi ya Iringa ukaipenya, akaikagua kona kwa kona kama rola la Mgololo. Haikuwa na doa. Haikuwa na uongo mahali popote.

"Kama wakaguzi wa ndani hawakuja kazini," alisema, "wa nje yupo."

Akailaza juu ya meza, akafungua makapeni nyekundu, na mbele ya watu watatu waliokuwa wanalia akaandika lile neno ambalo mafundi wa zamu walikuwa wakilisubiri mlangoni pake kule Mgololo: IMEPITA.